Kuzamia kufundishwe kwa Kiswahili, tena kwa sisi tunaorudi nyumbani kwa basi

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapa barua ya msomaji wa Dar es Salaam aliyesema kuzamia baharini na mtungi mgongoni ni mchezo wa Wazungu, na kwamba Mtanzania akikutwa chini ya maji basi ama anavua pweza ama amekwisha kufa. Nilicheka. Baadaye nikiwa nasahihisha madaftari ile barua ikanirudia, nikaona haifai kuachwa ipite hivi hivi. Mimi ni mwalimu wa Fizikia hapa Njombe, mwanamke wa miaka 44, na ndani ya pochi yangu, nyuma ya kadi ya bima ya afya, kuna kadi ya uzamiaji. Sivui pweza na bado ni mzima.

Nianze na neno lenyewe, maana liliniponza kabla hata sijaiona bahari. Nilipowaambia wenzangu kwamba likizo ya Desemba naenda kujifunza kuzamia, ofisi ya walimu ilinyamaza. Mwalimu wa Jiografia akanivuta pembeni akaniuliza nina shida gani ya fedha, na kwa nini nisiseme mapema tukachangishana. Alidhani nataka kuzamia meli, niende Afrika Kusini nimejibanza kwenye mizigo. Mwingine akauliza ni harusi ya nani ninayoizamia. Ilibidi nichore ubaoni: mtu, mtungi, mapovu. Walipoelewa wakashangaa zaidi. "Sasa Mwalimu, si afadhali hata hiyo meli?"

Mama yangu ni mtu wa Ludewa, wa huko chini mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, na utotoni kila likizo tulipelekwa Lupingu kwa bibi. Nilijua kuogelea kabla sijajua kuandika jina langu. Usiku wajomba walivua usipa kwa karabai, na mchana sisi watoto tulishindana kuzama kwa pumzi moja na kuibuka na jiwe mkononi. Maji ya Nyasa ni maangavu mno. Unawaona samaki wadogo wa buluu na wa manjano wakizunguka miamba, na pale macho yanapoanza kuzoea ndipo pumzi inapokatika. Miaka 35 jambo hilo limekaa nami: kila mara niliitwa juu sijamaliza kutazama.

Fedha nilizipata kwenye viazi mviringo vya misimu miwili na mgawo wa kikoba. Kozi iliula mshahara wangu wa mwezi mzima na ikadai nyongeza, na bei yenyewe iliandikwa kwa dola, hivyo nilitembea na kikokotozi kama mwanafunzi wa Kidato cha Nne. Sitaki kumdanganya mtu kwamba ni bei ya karanga. Lakini nikijumlisha michango ya harusi, sendofu na vipaimara niliyotoa katika miaka hiyo miwili, inaipita hiyo kozi, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini nachangia.

Nilichagua kisiwa cha Mafia kwa sababu kinafikika kwa basi na chombo, bila ndege. Njombe hadi Dar es Salaam ni siku nzima. Nikalala kwa dada yangu Mbagala, alfajiri nikapanda gari la Nyamisati pale Rangi Tatu. Nyamisati iko kwenye delta ya Rufiji, mikoko pande zote, na huondoki kwa saa ya ukutani. Unaondoka maji yakiruhusu. Tulikaa juu ya mizigo tukingoja maji yajae, na mama mmoja mwenye mabeseni ya nyanya akanihoji.

"Mafia unakwenda kwa nani, mwanangu?"

"Sina mtu kule, mama."

"Umefiwa?"

Si kosa lake. Kwetu mwanamke akisafiri mbali peke yake, basi anakwenda msibani, au anakwenda kumwangalia binti aliyejifungua, au anafuata mzigo. Nikamwambia naenda shule. Uso ukamkunjuka, shule anaielewa. Chombo kilipoanza kuyumba akanipa ndimu ninuse, akaniambia, "Usiyatazame maji ya karibu, tazama kule mbali." Ukiuliza kitabu cha Fizikia au cha tabibu kitakwambia hilo hilo kwa kurasa tatu.

Kutoka Kilindoni, chombo kinakotia nanga, bodaboda ilinipeleka hadi Utende, kwenye lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, ina kilomita za mraba 822, na vijiji vimo ndani yake na watu wanaishi na kuvua. Kiingilio cha mwananchi ni nafuu kuliko cha mgeni, jambo ambalo yule msomaji wenu wa Dar huenda halijui.

Kituo cha kwanza nilichoingia sitakitaja. Nilikuwa nimevaa dera na kujitanda kanga, begi la mgongoni, vumbi la safari. Kabla sijasema lolote kijana wa mapokezi akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, nafasi za jikoni tumeshajaza." Nikamshukuru nikatoka. Hakunitukana, aliangalia wote waliowahi kuingia kwa mlango ule wakiwa na sura kama yangu, akapiga hesabu. Kituo cha pili alikuwepo mwalimu mwenyewe, mtu wa pwani hii hii, anaosha mitungi. Akanyoosha mgongo, akasema, "Karibu. Unaogelea?" Nikamwambia nimezaliwa na mtu wa ziwani. "Basi kaa."

Kwanza walinipa fomu ya afya: pumu, moyo, kifafa, masikio, mapafu. Mimi niliwahi kulazwa kwa kichomi, nikaweka alama kwa uaminifu, na alama hiyo ikanirudisha Kilindoni kutafuta saini ya daktari. Daktari aliisoma fomu mara mbili. "Mama, hapa nasaini kwamba uende chini ya bahari?" Akanipima kifua kwa makini kuliko nilivyowahi kupimwa, akanipulizisha, akasaini. Siku nzima imekwenda. Nawaambia wanaotaka kufuata: fomu hiyo ijazeni nyumbani, mapema, na msifiche pumu ili mpitishwe.

Kitabu cha kozi kilikuwa cha Kiingereza. Kwangu hilo halikuwa tatizo, mimi nafundisha kwa Kiingereza kila siku, ingawa madarasa yangu na yenu tunajua kinachotokea: unasema sentensi moja kwa Kiingereza, unaona macho yamekauka, unairudia kwa Kiswahili, vichwa vinatikisika. Ndivyo ilivyokuwa pale Utende. Mwalimu alisoma ukurasa, akafunga kitabu, kisha somo likaanza. Kitabu kilitumia kurasa nyingi kueleza jinsi mzamiaji anavyopaswa kukaa majini asizame wala asipande. Yeye alisema, "Uwe kama jarife, ule wavu mkubwa, lililotegwa katikati. Chini halijagusa, juu halijaonekana." Kitabu kilikuwa na jedwali la mikondo. Yeye alisema kesho ni bamvua, siku ya maji kujaa na kupwa sana, maji yatatoka kwenye mlango wa bahari wa Kinasi kama yamefukuzwa, kwa hiyo tutaingia yakiwa yanajaa, na tukichelewa tunabaki ndani ya ghuba ya Chole. Kupwa, kujaa, bamvua, maji mafu, kusi, kaskazi. Maneno yote ya kazi yapo, yamekuwepo kabla mtungi haujabuniwa.

Jaribio la kuogelea lilikuwa mita 200 bila kushindana na saa, kisha kuelea dakika 10. Hilo nilicheka nalo. Kilichonitoa jasho ni miwani. Unapiga magoti kwenye maji mafupi, umeshika mdomoni ile regyuleta ya kupumulia, halafu unaivua miwani, unakaa uso wazi, unairudisha na kuyatoa maji kwa kupuliza kwa pua. Ni dogo likielezwa. Mara ya kwanza maji yalipogusa pua nilisahau mdomo wangu una hewa, nilisahau cheo changu, nikaruka juu huku napiga kelele. Vijana waliokuwa wanaparaza ngalawa ufukweni wakaacha kazi.

"Mwalimu," akaniuliza mwalimu wangu, "maji yako wapi?"

Nikatazama. "Kiunoni."

"Haya. Tunarudi."

Nilirudi mara nne. Nimewahi kumwambia mwanafunzi mwoga wa hesabu kwamba hofu yake haina msingi. Sitamwambia tena mtu hivyo.

Kosa la pili lilikuwa la mkono. Chini ya maji hakuna Kiingereza wala Kiswahili, kuna ishara tu, na dole gumba juu maana yake "tupande". Mimi nikiwa mita 8, nimeanza kutulia, mwalimu akaniuliza kwa ishara kama niko salama, nami kwa furaha nikampa dole la kizalendo: safi kabisa! Akageuka akaanza kunipandisha. Nikampa dole tena kumwambia hapana, niko safi. Akaniharakisha. Tuliibuka wote wawili tukitazamana.

Sasa hapo kwenye kupanda ndipo penye Fizikia, na naomba wahusika wa gazeti wasinikatie aya hii. Hewa iliyo juu yetu ufukweni inatubana kiasi fulani, kiite kimoja. Kila mita 10 za maji ya bahari zinaongeza kimoja kingine. Mita 10 ni viwili, mita 20 ni vitatu. Chupa ya plastiki iliyojaa hewa ukishuka nayo mita 10 inasinyaa hadi nusu. Ukiijaza hewa huko chini, ukaifunga na kupanda nayo, hewa ile inataka nafasi mara mbili, na chupa isipoachia inapasuka. Mapafu ni chupa hiyo. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya mzamiaji ni kutozuia pumzi, kamwe, na hatari kubwa iko karibu na juu, siyo kilindini, kwa sababu ni katika zile mita chache za mwisho ndipo hewa inapotanuka upesi zaidi. Ni Kanuni ya Boyle, ambayo nimeiandika ubaoni miaka 19. Kamusi za kisayansi zinasema huko kubana kunaitwa "kanieneo". Sijawahi kukutana na mvuvi aliyelitamka neno hilo, wala mwanafunzi aliyelipenda.

Masikio nayo sisi watu wa nyanda za juu tunayajua. Basi likiteremka mlima Kitonga yanaziba, unameza mate, yanazibuka. Majini unabana pua na kupuliza polepole, mapema, kabla hayajauma. Nilipiga hesabu jioni moja nikashangaa: kushuka kote kutoka Njombe hadi pwani, siku nzima ya basi, mabadiliko yake ni sawa na kuzama kama mita 2 tu. Kitonga nzima ipo ndani ya bwawa la kuogelea la hoteli.

Nilisafiri peke yangu, lakini huruhusiwi kuzama peke yako. Nilipangwa na mama wa Kiholanzi, mstaafu, naye kaja bila mtu. Kabla ya kila mzamo alinikagua mikanda, akafungua mtungi wangu na kusoma geji, nami nikamkagua yeye. Mara ya kwanza kumshika mtu mzima nisiyemjua kiuno kukagua mkanda wake wa risasi (hizi za uzito, siyo za bunduki) niliona haya. Siku ya tatu tulikuwa tukigombezana kama mawifi. Mtu anayeogopa kusafiri peke yake kwa kuwa hatakuwa na mwenza, mchezo huu ndio wake. Hawakupi mtungi mpaka wakupe mtu.

Wa kwanza kunifundisha kuona, hata hivyo, hakuwa mwalimu wala kitabu. Siku ya bamvua, maji yamekupwa mbali, wanawake walishuka mwambani na vijiti vyao kutafuta pweza, nami nikaenda kuwasalimia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe uliyepiga kelele juzi?"

Habari husafiri. Akaniuliza huko chini kuna nini ambacho huku hakuna. Sikuwa na jibu zuri. Akanionyesha shimo ambalo mimi nilikuwa nimelipita mara mbili: mlangoni mwake palikuwa na makombe yaliyovunjwa na maganda ya kaa, masafi, ya jana. "Pweza hafagii mlango wake," akasema. "Usitafute pweza, tafuta uchafu wake." Kesho yake, mita 12, nikaona makombe yamelundikana chini ya tumbawe. Nikamshika mkono mwalimu aliyekuwa ameshapita. Ndani kulikuwa na jicho moja linatutazama. Mama wa Kiholanzi alitoa mapovu mengi kwa furaha hiyo kuliko siku zote. Tukirudi mashuani aliniuliza nimejifunza wapi kuona vile. Nikamwambia kwa bibi mmoja mwenye kijiti.

Mzamo wa nne, wa mwisho, ulikuwa mahali panapoitwa Milimani. Ndiyo, Milimani. Nimetoka Njombe, nimeteremka milima yote hiyo, nimevuka bahari, ili nipelekwe Milimani. Lakini jina linafaa: matumbawe yamesimama kama vilele, na wewe unapita juu yake ukitazama mabonde, kama ndege wa milima ya Kipengere. Maji ya uvuguvugu. Mtu wa Njombe nilikuwa nimevaa suti ya mpira kwa adabu tu. Pono wanatafuna matumbawe na unawasikia, krr krr, kama watoto wanaotafuna bisi darasani. Mkunga alitoa kichwa nikamwona mkubwa ajabu, nikajikumbusha kwamba ndani ya miwani kila kitu huonekana kikubwa kuliko kilivyo na karibu kuliko kilivyo. Nikatazama kucha zangu, nilizopaka rangi nyekundu kusudi. Mita 16 zilikuwa za kahawia inayokaribia nyeusi, kwa maana wekundu ndio rangi ya kwanza kumezwa na maji. Kisha nikasikia injini ya mashua, nikageuka kushoto, kulia, juu, sikuijua inatokea wapi. Sauti majini hukimbia zaidi ya mara nne kuliko hewani na masikio mawili hayawezi tena kupambanua upande. Swali hilo hilo nilikuwa nimelikosa kwenye mtihani usiku uliopita. Mwalimu wa Fizikia! Kati ya maswali 50 nilikosa mawili, na moja lilikuwa la sauti.

Kasa alipita pia, ila kila mtu husimulia kasa. Mimi kilichobaki nami ni kwamba nilitazama tumbawe moja mpaka nikamaliza. Hakuna aliyeniita juu.

Nije sasa kwenye hoja iliyonifanya nishike kalamu. Kwenye mashua yetu alikuwepo kijana wa Jibondo, kisiwa kidogo cha jirani. Ni yeye aliyejaza mitungi kwa kompresa, aliyebeba, aliyetia nanga, aliyekaa juu akifuata mapovu yetu asitupoteze. Akitazama uso wa maji anakwambia mkondo wa chini unakwenda wapi, na tulikuwa tukishuka tunaukuta hivyo hivyo. Amezama na mtungi mara kadhaa kwa hisani ya mwalimu. Lakini cheti hana, na bila cheti hawezi kuwa kiongozi wa wazamiaji, kazi ambayo malipo yake si ya kujaza mitungi. Amekianza kile kitabu mara mbili akakiacha. Nilimkuta jioni amekifungua ukurasa wa mwanzo mwanzo, kidole chini ya mstari. Alisoma hadi darasa la saba. Nikauliza kituoni kama wana kitabu cha Kiswahili, nikaambiwa walichonacho ni hicho.

Nilikaa naye jioni mbili chini ya mwembe, na chupa ya maji na puto. Nikamweleza Boyle bila kumtaja Boyle. Sikumaliza. Akanikatiza: "Mwalimu, hii naijua. Chewa ukimvuta upesi kutoka kina kirefu, anafika juu tumbo limevimba, mfuko wa tumbo unatokea mdomoni." Alikuwa na kanuni nzima mkononi mwake tangu utotoni. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba hiki ndicho kinachoulizwa swali la 14. Yule msomaji wenu anasema kuzamia ni mchezo wa Wazungu. Mimi nasema kitabu ndicho kimekuwa cha wageni; bahari na elimu yake vilikuwa vya kijana huyu kabla ya sisi wote kufika.

Na si lugha peke yake. Kitabu kinaonya kwamba baada ya kuzama mara kadhaa usipande ndege mpaka zipite angalau saa 18, kwa sababu naitrojeni uliyovuta chini ya maji bado imo mwilini, na ukienda mahali hewa ilipo nyepesi inaweza kutoka kwa mapovu ndani ya damu na viungo. Wenzangu wote walitazama saa za ndege zao. Mimi nikainua mkono. "Mwalimu, na basi?" Akacheka. Nikamwambia Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa yake ni kama asilimia 80 tu ya hii ya Utende, na ndani ya ndege kubwa hewa hubanwa iwe kama ya mlima wa mita 2,400 hivi au chini yake. Kwa hiyo mimi kurudi nyumbani ni kama kupanda ndege, tofauti ni kwamba ndege yangu inapita Kitonga na inauza mahindi ya kuchoma dirishani. Akaacha kucheka, akaenda kupekua. Aliporudi alisema ni kweli, kupanda mlima ni kama kuruka, na kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hajawahi kuulizwa, maana hajawahi kumfundisha mtu anayerudi kwa basi nyanda za juu. Nilivuka kesho yake, nikalala Mbagala usiku mzima, dada akanilisha pilau, ndipo asubuhi nikapanda basi. Lakini nisingeuliza je? Watu wa Mbeya, Iringa, Makete, Lushoto, Arusha na Moshi kwenye miinuko, mkienda kuzama pwani mtarudi kwa barabara. Ukurasa huo unawahusu ninyi na haumo ulivyo kwenye kitabu tunachopewa, kwa kuwa kiliandikwa kwa ajili ya watu wengine na safari zao.

Ombi langu kwa wanaosimamia utalii, hifadhi za bahari na vyuo vya uvuvi ni dogo na lina gharama ndogo: kijitabu cha Kiswahili cha somo hili, kiandikwe na walimu wa kuzamia wa hapa hapa pwani wakisaidiwa na mwalimu mmoja wa Fizikia na daktari mmoja, na mashirika yanayotoa vyeti yaombwe kuruhusu mtihani ufanywe kwa lugha hiyo. Mwalimu wa Fizikia ameshapatikana. Nimeanza orodha ya maneno kwenye daftari la majedwali, yamefika 112. Jarife katikati nimeliandika ukurasa wa kwanza. Bado nasumbuliwa na neno moja: ile hali ya mtu aliyekwisha tulia majini, hapandi wala hashuki, akivuta pumzi anainuka kidogo na akitoa anashuka kidogo. "Kuelea" si yenyewe, maana anayeelea yuko juu. Wavuvi wa Kilwa, Tanga, Lamu na Pemba lazima mnalo. Mwenye nalo aliandike hapa gazetini, nami nitalipeleka Jibondo mwezi wa sita, kijana akiwa amefika sura ya tatu.

Mwalimu wa Fizikia,
Njombe